Mzazi, kabla hujamkubalia au kumkatalia kijana gemu la vita la mikakati, pita hapa kwanza

baba_wa_kidato (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi ni wa wazazi na walezi wenye vijana wa kuanzia kama miaka 12 mpaka 17 hivi, wale wanaokuja kukwambia baba naomba niwekee Age of Empires kwenye kompyuta, au mama usinizimie data leo klani yetu (kundi lake la wachezaji wa mtandaoni) ina vita, na wewe unabaki unamwangalia hujui useme sawa au ukatae. Mi nina kijana yuko kidato cha pili na haya magemu ya vita nimeyacheza tangu enzi zinakuja kwenye sidii, kwa hiyo ninachoandika hapa nakijua. Kwenye magrupu ya wazazi majibu yamekuwa mawili tu, "futa yote hayo" au "muache bwana ni mchezo", na hakuna hata moja linalomsaidia mtu kuamua.

Kwanza tusichanganye. Gemu la mikakati siyo lile la kutembea na bunduki unaona mtutu mbele ya uso. Hapa uwanja unauangalia kutoka juu, una wakulima, wakata miti, wachimba dhahabu, na kazi yako ni kupanga nani afanye nini, ukuta ujengwe lini, askari waende lini na warudi lini. Kichwa kinahesabu mbele kama wazee kwenye bao. Ukikuta kijana anacheza hili ujue muda mwingi anashughulika na chakula na kuni kuliko mapanga.

Sasa wazazi wengi wanaofanya bidii ya kuchunguza wanaishia kwenye ile alama ya umri. Ulaya wana PEGI (3, 7, 12, 16, 18), ilianza 2003, Marekani wana ESRB tangu 1994, T maana yake 13 kwenda juu na M ni 17 kwenda juu. Ni nzuri na uianzie hapo. Age of Empires II ya sasa, ile iliyotengenezwa upya 2019, ina T kule Marekani na 12 kule Ulaya, na ukiicheza unaona kwa nini, watu ni wadogo kama punje, wanaanguka, maiti zinageuka mifupa zinapotea. Company of Heroes ya 2006, ya Vita Kuu ya Pili na kutua kwa majeshi Normandy, nayo ni ya mikakati lakini ina M, kule ukisogeza kamera chini mwili unalipuka na askari wanatukana matusi ya kweli. Jina la aina ni moja, mikakati, ila hizo siyo za kumpa mtu mmoja wa umri mmoja.

Tatizo ni kwamba alama inaangalia kilichomo ndani ya gemu lenyewe, picha, sauti, maneno. ESRB wenyewe wanaandika wazi kwamba mawasiliano ya mtandaoni hawayapimi. Yaani nani anaongea na mwanao saa nne usiku haimo kwenye ile alama. Haisemi pia gemu linaisha saa ngapi. Na habari ya hela, PEGI waliongeza alama ya manunuzi ya ndani mwaka 2018, inakwambia tu kwamba manunuzi yapo, haikwambii yanavyomvuta mtoto.

Hapo ndo pa kuangalia hasa, na mi kwa maoni yangu damu ni kitu cha tatu au cha nne kwenye haya magemu. Cha kwanza ni hiki: je, gemu linasimama mtoto akiliacha?

Age of Empires II ukicheza kampeni (hadithi ya vita ya hatua kwa hatua) peke yako au na kompyuta, unasimamisha, unahifadhi, unaenda kula, unarudi kesho uko pale pale. Ushanunua, umemaliza, labda nyongeza zinazotoka kila baada ya muda ambazo si lazima. Sasa Oktoba 2024 ikatoka Age of Empires Mobile ya simu, jina lile lile, nembo inafanana, bure kabisa, na mzazi akisikia "Age of Empires" anasema aah hiyo naijua niliambiwa ni ya historia. Siyo hiyo. Ile ya simu ni ya miungano, yaani makundi ya wachezaji wa mtandaoni, mji wako uko kwenye ramani moja na maelfu ya watu, unaendelea kuwepo wewe ukiwa darasani, unaweza kushambuliwa umelala, ujenzi una saa yake inayohesabu na kuna vitu vya kuinunua hiyo saa iende haraka. Familia yake ni kina Rise of Kingdoms. Clash of Clans ya Wafini wa Supercell, ya tangu 2012, ni nyepesi zaidi ya hizo ila mzizi ni ule ule, nyumba moja kwenye levo za juu inajengwa siku nyingi na vile vito vya kijani vinaimaliza hapo hapo, na vito vinauzwa.

Na hapo kwenye Clash of Clans kuna kitu wazazi hawakioni. Dukani alama yake inaonyesha hata watoto wadogo wanaruhusiwa, vurugu za katuni tu. Lakini shuka chini kwenye maelezo ya programu, wenyewe wenye gemu wameandika lazima uwe na angalau miaka 13. Soma maelezo, usisome namba peke yake.

Kwa hiyo mwanao akikuomba gemu, muulize mwenyewe: ukizima simu inatokea nini? Akijibu "hamna, naendelea kesho" mko pazuri. Akijibu "wataniibia", "watanitoa kwenye klani", "nitapoteza ngao" (kinga ya mji usishambuliwe), basi hilo gemu linataka ratiba ya nyumbani kwako na inabidi wewe ndo uamue mapema ratiba inatoka wapi.

Karibuni, mwenye uzoefu aongeze, mwenye swali aulize.

---

mama_mapacha

Asante sana kaka kwa huu uzi, umenigusa. Wangu wana miaka 14, wanatumia simu yangu jioni, hiyo Clash of Clans. Mi nilikuwa nimetulia kabisa kwa sababu ni vikatuni. Sasa hilo la klani, hao waliomo ndani ni watoto wenzao au? Maana kuna siku nimeona meseji imeandikwa "dogo usipopiga leo nakutoa" nikadhani ni mwenzie wa shule.

---

baba_wa_kidato

Mama mapacha klani inachukua watu mpaka 50 na hakuna anayeulizwa kitambulisho. Kuna kiongozi, kuna wasaidizi wake, kuna wazee, na hivyo ni vyeo wanapeana wenyewe. Anaweza kuwa mtoto wa Form One, anaweza kuwa mtu mzima wa miaka 40 yuko nchi nyingine. Wengi wao ni watu wema tu wanapenda gemu, sitaki nikutishe, ila hiyo lugha ya "nakutoa" ni ya kawaida sana kwa sababu vita ya klani ina siku ya maandalizi saa 23 na siku ya mapambano saa 24, ukikosa kupiga unawaangusha wote.

Kitu rahisi cha kufanya: kaa nao fungua chati ya klani, soma nao pamoja, usiwavizie. Kama haifai watoke, waunde klani yao, mapacha na binamu na wale wa darasani mnaowafahamu. Klani inaweza kuwa ya watu wachache na ikafungwa, mtu haingii mpaka akubaliwe. Gemu linabaki lile lile, mnaondoa wageni tu. Na muwaambie sheria moja ambayo haina mjadala, mtu wa kwenye gemu akisema tuhamie WhatsApp au Telegram, jibu ni hapana na mama anaambiwa.

---

mzee_wa_msimamo

Mi sikubaliani na mnayoyaandika hapa. Vita ni vita. Mtoto anafundishwa kuua, kuchoma vijiji, kuteka, halafu mnasema ni hesabu za bao? Tulikua bila hayo na tukasoma. Anayempenda mwanae ampe kitabu na jembe.

---

baba_wa_kidato

Mzee wangu shikamoo. Hofu yako ni ya haki na hakuna anayekucheka hapa. Na kweli kwenye Age of Empires wale wakulima wasio na silaha wanauawa, ni moja ya mbinu za kumdhoofisha mwenzio, hilo siwezi kulificha na nimemweleza mwanangu ubaya wake.

Ila kwenye hilo la kwamba gemu linamfanya mtoto awe mkatili, limechunguzwa sana. Mwaka 2019 watu wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa utafiti wa vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi kuhusu tabia za watoto badala ya kuwasikiliza watoto peke yao, wakaangalia na alama rasmi za magemu yenyewe, hawakuona uhusiano kati ya kucheza magemu ya ukatili na ugomvi wa hao vijana. Wapo wataalamu wengine wanaosema kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, sawa, ndo maana mi sisemi mpe chochote.

Ambacho kinakubalika zaidi ni suala la kushindwa kuacha. Shirika la Afya Duniani limeliingiza kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na siyo kwa mtoto aliyekesha wikiendi moja, wanaangalia mtu ambaye gemu limeshika nafasi ya kila kitu, shule, chakula, ndugu, anaona madhara na bado haachi, kwa kawaida kwa muda wa kama miezi 12. Kwa hiyo mzee, mi na wewe tuko upande mmoja, tofauti yetu ni kwamba naogopa zaidi lile gemu la katuni lisilolala kuliko lile la mapanga linalozimika.

---

dogo_wa_muungano

Naomba niongee kama kijana, nina miaka 21 niko chuo. Anachosema mwanzisha uzi kuhusu ratiba ni kweli tupu na wazazi hamjui ndani kukoje. Magemu mengi ya miungano yanafuata saa za UTC (saa ya kimataifa), siku mpya inaanza saa sita usiku ya UTC ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Sasa matukio yanapangwa kwa hizo saa, muungano una watu wa Uturuki, Vietnam, Brazil, kiongozi anasema tunashambulia saa fulani kila mtu awepo, na ukiangalia kwako ni usiku wa manane na kesho una test. Hakuna anayekulazimisha kwa fimbo, ila watu 80 wanakusubiri na wewe ndo umeshika geti. Kwa mtu wa miaka 15 hicho ni kitu kikubwa sana, anajisikia anahitajika, pengine darasani hamna anayemuona ila kule ni jemadari.

Kwa hiyo mkimpokonya simu ghafla mjue kwake hamjachukua mchezo, mmemtoa jeshini mbele ya watu wake. Mpeni siku ya kuaga, aandike kwenye chati kwamba nina mitihani naachia nafasi. Wanaelewa, watu wanaaga kila siku kule.

Na kuhusu hela, angalieni vile vifurushi vidogo vidogo vya dola moja. Havinunuliwi kwa sababu mtoto ni mjinga. Vinatokea pale pale ambapo umeshindwa vita, majeshi yamekufa, na saa inahesabu dakika 5 ofa inaisha.

---

mama_mapacha

Mwanangu Mungu akubariki, hilo la kuaga sikuwahi kulifikiria kabisa.

---

fundi_simu_kona

Kwa wale wa vitendo. Android: fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, ingia mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa manunuzi, weka kila ununuzi udai paswedi au alama ya kidole. Na hiyo alama ya kidole iwe yako peke yako, watu wanasajili vidole vya watoto kwenye simu halafu wanashangaa. Kama mtoto ana simu yake muundie akaunti ya mtoto kwa Family Link (programu ya Google ya wazazi), ununuzi unakuja kwako kuuidhinisha na unaweka saa ya simu kulala. iPhone iko kwenye Screen Time, kule kwenye vizuizi kuna kuzima manunuzi ya ndani ya programu moja kwa moja. Kwenye kompyuta, Steam (duka la magemu la mtandaoni) wana mfumo wa familia, unachagua magemu gani mtoto ayaone na anatuma ombi akitaka kununua.

Kitu kingine, msiache kadi ya benki au ile kadi ya mtandaoni ya pesa za simu imeunganishwa kwenye akaunti anayotumia mtoto. Ukitaka kumzawadia nunua kwa kiasi kisha ondoa kadi.

---

ticha_wa_historia

Nafundisha historia sekondari, na ningependa nigusie upande ambao hamjaufika, gemu linasimulia vita vya nani na kutoka upande gani. Hili kwangu ndo kubwa.

Age of Empires II tangu ile ya kwanza ya 1999 ilikuwa na kampeni ya Salahuddin Ayyubi, mtoto anapigana Vita vya Msalaba upande wa Waislamu, mpaka vita ya Hattin ya 1187. Kwa gemu la Kimarekani la wakati ule hilo ni jambo la kusifiwa. Mwaka 2015 wakaleta nyongeza ya Afrika, kuna Sundiata wa Mali, kuna Yodit wa Ethiopia, na wanafunzi wangu waliocheza wananiuliza maswali ambayo wenzao hawaulizi. Mmoja alinieleza njia ya dhahabu ya Mali vizuri kuliko kitabu.

Lakini kwenye nyongeza hiyo hiyo kuna kampeni ya Francisco de Almeida, na hapo mtoto ni Mreno. Anakuja pwani yetu na meli. Sasa sisi tunajua alichofanya. Julai 1505 aliiteka Kilwa akajenga ngome, mwezi uliofuata akaichoma Mombasa na kuipora. Kwenye gemu ni hatua ya kuvuka, ukishinda unapewa hongera unaendelea mbele. Sisemi mtoto asicheze. Nasema akicheza hiyo, wewe mzazi kaa kwenye kiti cha pembeni umuulize, hawa unaowapiga ni kina nani? Unajua misikiti yao bado ipo? Mwenye uwezo ampeleke Kilwa Kisiwani akaone Msikiti Mkuu na magofu ya jumba la Husuni Kubwa kwa macho yake, UNESCO waliuweka mji huo kwenye urithi wa dunia 1981. Mtoto aliyecheza upande wa Almeida halafu akasimama pale anaielewa 1505 kwa namna ambayo mi ubaoni siwezi kumpa.

---

baba_form_one

Ticha na mwanzisha uzi nisaidieni. Wangu ana miaka 12 tu, anataka Hearts of Iron, anasema rafiki zake wote wanacheza na anataka awe Ujerumani. Nikaangalia video nikaona ni ramani na mishale, hamna damu hata tone. Ila roho inasita.

---

ticha_wa_historia

Roho yako inasita vizuri. Hearts of Iron IV ni gemu la Wasweden, Paradox, la 2016. Linaanza Januari 1936, unachukua nchi yoyote, unajenga viwanda, unapanga divisheni, unachora mishale ya mashambulizi. Hamna damu kwa sababu hamna watu, kuna namba. Waliokufa ni tarakimu kwenye kona. Na wenye gemu waliamua makambi ya mauaji ya Wayahudi yasiwemo kabisa, naelewa kwa nini, hakuna anayetaka hicho kiwe kitufe cha kubonyeza. Lakini matokeo yake mtoto asiyejua lolote anaweza kuiongoza Ujerumani ya Hitler mpaka ikashinda na hakuna mahali palipomwambia kwamba Wayahudi milioni 6 waliuawa.

Siku gemu linapoanza, Italia iko vitani na Ethiopia. Kwenye ramani ni rangi mbili. Kwenye uhalisia ni gesi ya sumu kutoka kwenye ndege juu ya watu wenye mikuki na bunduki za zamani, na Haile Selassie kwenda Geneva Juni 1936 kuwalilia Umoja wa Mataifa wa wakati ule wasimsikie. Babu zetu wa King's African Rifles (jeshi la kikoloni la Mwingereza huku kwetu) waliopelekwa mpaka Burma nao mule ndani ni sehemu ya namba ya Mwingereza. Kwa mtu aliyesoma hayo gemu ni zuri sana, unaona viwanda na mafuta vinavyoamua vita. Kwa asiyesoma linamfundisha ramani bila watu.

---

sauti_ya_goma

Jambo kwenu wote. Mie niko Goma. Nimesoma yote na nataka tu kuongeza kitu kimoja kwa wazazi ambao watoto wao waliona vita ya kweli. Januari 2025 wakati mji unaingiliwa tulilala chini siku kadhaa, watoto walisikia mabomu, waliona maiti barabarani. Mtoto wangu wa miaka 15 alikuwa anapenda sana haya magemu mbele. Kisha akarudi kucheza, na mie nikaona kuna tofauti: ile ya mishale na ramani anacheza kimya, inamtuliza, anasema mama hapa ni mie ninaamua nani anapita. Ila gemu yoyote yenye sauti ya risasi na kelele za watu, mikono inatetemeka, usiku halali. Umri wake kwa ile alama unaruhusu, mwili wake haukubali. Basi angalieni mtoto mwenyewe. Zimeni sauti kwanza, muone. Na kama anakataa hata kuangalia, msimlazimishe kwa sababu wenzake wanacheza.

---

mzee_wa_msimamo

Mama wa Goma pole sana, Mungu awalinde na watoto. Maneno yako nimeyasikia.

---

baba_wa_kidato

Dada wa Goma asante kwa kutuambia, na poleni mno. Hilo hakuna alama ya PEGI itakayoliandika na linawahusu wengi kuliko tunavyodhani, hata huku kuna familia zimewapokea watoto kutoka huko.

Baba Form One, kwa miaka 12 mi ningesema subiri Hearts of Iron mpaka awe ameisoma hiyo vita shuleni au umemsomesha wewe, kwa mtoto anayependa kusoma inaweza kuwa 14, kwa mwingine 16. Na siku ukimruhusu, mara ya kwanza achukue Ethiopia 1936, ticha atakubaliana na mimi hapo. Ni ngumu, atapigwa, na akipigwa atataka kujua kwa nini, maswali yatakuja yenyewe na uwe tayari na majibu. Kwa sasa mpe Age of Empires II ya kompyuta, aanze na William Wallace ambayo ndiyo inafundisha kucheza, kisha Salahuddin, mtandaoni asiingie kwanza, acheze na kompyuta au na wewe. Inashika hata kwenye kompyuta ya kawaida, ila wakati wa kuishusha tafuta pa WiFi maana bando lako litaisha lote.

Mama mapacha ukishafungua hiyo chati ya klani rudi utuambie umekuta nini, tutaendelea kutoka hapo.